Kuiamsha Injini Iliyolala Muda Mrefu

Watu wengi hudhani kwamba gari lisilotembea halichakai. Dhana hiyo si sahihi. Gari likilala mwaka mzima, kemia huendelea kufanya kazi ndani yake, na mwenye pupa ya kupiga starta aweza kuiharibu injini kwa muda mfupi sana.

Kwanza ni betri. Betri ya volti 12 ina seli 6, na kila seli iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi. Hata isipotumika hupoteza umeme polepole, na salfeti ya risasi huganda juu ya bamba zake. Ikipimwa ikaonyesha volti 12.6 imejaa, ikiwa chini ya 12 yafaa ichajiwe. Wakati huo hutoka haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo moto usisogezwe karibu.

Pili ni petroli. Sehemu zake nyepesi huvukiza, na nyingine huungana na oksijeni zikawa utomvu unaoziba kabureta au nozeli. Petroli ya zamani itolewe, mpya itiwe.

Tatu ni oili, nayo ndiyo hatari kubwa. Utando wa oili kati ya pistoni na silinda huteremka chini, na unyevu wa hewa huleta kutu. Gia ikiwa huru, plagi zifunguliwe na oili kidogo itiwe katika kila silinda. Baada ya saa kadhaa injini izungushwe taratibu kwa spana, kuelekea upande wake wa kawaida. Ikikwama isilazimishwe; fundi aitwe. Ikizunguka, petroli na umeme wa plagi vikatwe, kisha starta ipigwe kwa sekunde chache chache mpaka oili ipande. Ndipo plagi zirudishwe.

Kabla ya kuwasha, chujio la hewa na nyaya zikaguliwe, kwani panya hupenda kujenga humo. Injini iwashwe nje, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Taa ya oili isipozimika mara moja, injini izimwe.

Gari lisiingie barabarani kabla breki hazijajaribiwa. Mafuta ya breki husharabu maji kutoka hewani. Yakipata joto kali maji hayo hugeuka mvuke, na breki hukosa nguvu.

Zoezi: Wanafunzi wapime volti za betri isiyotumika kila juma kwa miezi 2, kisha wachore grafu.