Sarafu Yenye Pande Mbili

Fedha hupita mikononi mwetu kila siku, nasi huihesabu bila kuitazama. Thamani yake sokoni twaijua sana. Lakini picha na maneno yaliyochorwa juu yake hatuyasomi. Leo twapenda kuisoma pamoja na wasomaji wetu sarafu moja ya ugenini, yaani krona moja ya Uswidi ya wakati wa Mfalme Gustaf VI Adolf, aliyetawala toka mwaka 1950 hata 1973.

Krona, kwa lugha ya Waswidi, maana yake ni taji. Nchi hiyo iliifanya kuwa fedha yake mwaka 1873, ilipopatana na Denmark kutumia fedha za thamani moja. Norwei ikajiunga nao mwaka 1875. Upande mmoja wa sarafu hiyo twaona kichwa cha mfalme, hakikuvikwa taji, na jina lake pamoja na maneno “Mfalme wa Uswidi”. Upande wa pili twaona ngao yenye mataji matatu, na juu ya ngao taji la kifalme.

Mataji hayo matatu ni alama ya kale. Yalikuwa katika muhuri wa Mfalme Albrekt, aliyeanza kutawala mwaka 1364. Tena watu walimwaga damu kwa ajili yake: mfalme wa Denmark naye alipoyatia katika ngao yake, ugomvi huo ukawa mojawapo ya sababu za vita vilivyodumu toka 1563 hata 1570. Mashamba na vijiji viliteketezwa, na aliyeumia zaidi ni mkulima, ambaye hakuwa na taji hata moja.

Lakini kwenye upande huohuo wa ngao yameandikwa maneno matatu: Plikten framför allt, yaani “Wajibu mbele ya yote”. Ni desturi ya wafalme wa Uswidi kujichagulia neno la kuongozea utawala wao, na hilo ndilo alilolichagua Gustaf VI Adolf. Basi upande mmoja wamwambia mtu, “Huyu ndiye mkubwa wenu”, upande wa pili wamwambia mkubwa mwenyewe, “Nawe una deni.” Wala hakuna awezaye kuuchukua upande mmoja akauacha wa pili.

Mjukuu wake, Carl XVI Gustaf, alirithi kiti mwaka 1973. Katiba iliyopitishwa mwaka 1974 ilimwondolea mfalme madaraka ya kuendesha serikali, naye akabaki kuwa alama ya taifa. Sarafu mpya zenye sura yake zilitolewa mwaka 2016, na krona moja za namna ya zamani zikakoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Juni 2017. Hivyo sura hupita, na madaraka hupunguzwa.

Nasi je? Baba anayedai heshima ya watoto, mwalimu, mzee wa kijiji, kila mmoja ana sarafu yake. Wengi twapenda kuonyesha upande wenye sura na jina. Yafaa jioni, kabla ya kulala, tuigeuze kidogo, tusome yaliyoandikwa nyuma.