Kinanda Kiingie Safi: Kurekodi na Kusawazisha Sauti Nyumbani, Meru na Embu

Huhitaji kupanda matatu hadi Nairobi ndipo kinanda chako kirekodiwe vizuri. Laptop, kadi ya sauti ya matundu mawili na waya nzima zinatosha, uwe Makutano, Nkubu au Runyenjes. Tatizo kubwa la rekodi za nyumbani ni pupa ya kukimbilia ikwalaiza. Tengeneza sauti ikiwa bado ndani ya kinanda. Ikwalaiza itabaki na kazi ndogo.

Anza na waya. Tumia waya mbili za jeki kubwa, moja L na nyingine R. Kama kinanda chako kina tundu la hedfoni pekee, nunua waya wa Y: jeki moja ya stereo upande huu, jeki mbili za mono upande ule. Ukichomeka waya wa kawaida wa gita kwenye tundu la hedfoni, unapoteza upande mmoja wa sauti.

Kwenye kadi, chagua LINE. INST waachie wapiga gita.

Sasa weka kiwango. Pandisha sauti ya kinanda hadi kama robo tatu, kisha piga kibwagizo kwa nguvu zote, vile utakavyopiga kweli. Fungua gain ya kadi mpaka vilele vifike karibu na desibeli -12. Rekodi kwa biti 24 na usijali mstari ukionekana mwembamba. Sauti ya chini utaipandisha baadaye. Iliyopasuka ndiyo basi tena.

Kabla ya kupiga noti, nyamaza usikilize. Kuna mvumo? Stima yetu ya Kenya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake hukaa kwenye 50 Hz, 100 Hz na 150 Hz. Chomoa chaja ya laptop kwanza. Mvumo ukikoma, umempata mchawi: rekodi kwa betri. Ukibaki, chomeka kinanda, laptop na spika kwenye ekstensheni moja, na uzitenge waya za sauti na zile za stima. Bado? Tafuta kisanduku cha DI chenye transfoma ndani. Usikate pini ya ethi kwenye plagi, hata fundi akikuambia ndiyo dawa. Hiyo pini inalinda maisha yako.

Na usidhani utaukata mvumo huo kwa ikwalaiza. G ya chini kwenye besi iko 49 Hz na inayofuata iko 98 Hz. Ukifyeka 50 na 100, wimbo wa G umeutoa miguu.

Zima reverb ya kinanda na urudishe Master EQ katikati. Kanisani reverb hupendeza, lakini ikisharekodiwa haitoki. Utaweka nyingine kwenye kompyuta, kwa kipimo unachotaka. Ila ule mzunguko wa spika kwenye ogani uache. Huo ni sehemu ya sauti yenyewe.

Sasa staili, ule muziki wa kusindikiza unaojipiga wenyewe kwenye kinanda, maana hapa ndipo nyimbo nyingi za huku kwetu huharibikia. Ngoma, besi, gita na vinanda vyote hurekodiwa kwa mkupuo mmoja kwenye treki mbili, halafu prodyuza anaombwa apunguze besi peke yake. Hawezi. Akigusa besi, anagusa na ngoma.

Zitenganishe. Kwenye vinanda kama Yamaha PSR-S, cheza wimbo mzima na uuhifadhi kama Song ndani ya kinanda. Kwa kawaida sehemu za staili hukaa chaneli ya 9 hadi ya 16: ngoma 9 na 10, besi 11, zinazobaki ni kodi, pedi na vipambo. Fungua miksa ya kinanda. Sukuma ngoma zote kushoto kabisa, sukuma besi kulia kabisa, nyamazisha zingine, kisha cheza Song huku ukirekodi. Umepata ngoma kwenye treki moja na besi kwenye nyingine.

Rudia. Ngoma zibaki kushoto kila mara, ila kulia sasa weka kodi, halafu pedi, halafu vipambo. Ukimaliza, panga vipande vyote kwenye kompyuta kwa kulinganisha mapigo ya ngoma, kisha ufute ngoma za ziada. Ukisikia ngoma zinavujia upande wa kulia, reverb bado haijazimwa. Njia hii hula saa nzima hivi, lakini ukishaizoea hutarudi nyuma.

Solo na piano ya mkono wako zirekodi kando. Waya wa USB ukiwa umechomekwa, rekodi MIDI pamoja na sauti. Noti moja ikiteleza, unairekebisha bila kupiga upya.

Ikwalaiza yenyewe haina mambo mengi. Pedi na nyuzi: kata kila kitu chini ya 150 Hz. C ya katikati iko karibu 262 Hz, kwa hiyo mkono wa kulia haupotezi kitu, na besi inapata nafasi. Besi: kata chini ya 35 Hz. Piano ikisikika kama imefunikwa blanketi, punguza desibeli 3 karibu na 300 Hz kabla ya kuongeza popote.

Mwimbaji akiingia, punguza kinanda desibeli 2 au 3 kati ya 2,000 na 4,000 Hz. Maneno hukaa hapo. Msikilizaji wa Kimeru au Kiembu anataka kuelewa kinachoimbwa, si kusifu strings zako. Na kila badiliko lipime ukiizima na kuiwasha ikwalaiza kwa sauti iliyo sawa, kwa sababu iliyo kubwa zaidi hudanganya sikio.

Mvua ya Aprili au Novemba ikigonga mabati, usilale. Kinanda kinapita kwenye waya, hakisikii mvua. Vaa hedfoni urekodi vinanda vyote, na mwimbaji umwite siku kavu. Hifadhi kazi kila baada ya kipande, kwa sababu stima nayo ina ratiba yake.

Mwisho, bonyeza mono. Wanaosikiliza Muuga FM au Wimwaro FM kwa redio ndogo jikoni wana spika moja tu. Pedi ikififia ukiwa mono, ndani yake kuna chorus nyingi mno. Ipunguze au tumia upande mmoja tu wa pedi. Kisha icheze kwa simu. Besi ikipotea kabisa, iongeze kidogo karibu na 800 Hz, kwa sababu spika ya simu haifiki chini. Halafu weka wimbo kwenye flashi, umpe dereva wa matatu ya Embu–Meru, na ukae kiti cha nyuma.