Kabla ya Kununua Kompyuta, Ijue Chipseti Yake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo shule, ofisi na familia nyingi zimebaki na kompyuta nzima zisizo na ubovu wowote, ila prosesa zake hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Ukiambiwa uitupe yako, ngoja kwanza. Kompyuta ya namna hiyo inaweza kukutumikia miaka mingi kwa mfumo huria wa Linux, mradi chipseti na vipande vingine vilivyomo kwenye ubao mama vina draiva huria.

Chipseti inafanya kazi gani

Data inayotoka au kwenda kwenye diski, matundu ya USB, spika na waya wa mtandao mara nyingi hupitia chipseti, iliyo kati ya vifaa hivyo na prosesa. Zamani zilikuwa chipu mbili: moja ilihudumia memori na kadi ya picha, nyingine ilihudumia vifaa vilivyobaki. Mwaka 2003 AMD ilihamishia kidhibiti cha memori ndani ya prosesa yake ya Athlon 64, na Intel ikafanya hivyo mwaka 2008. Leo kompyuta nyingi za mezani zina chipu moja tu ya kazi hiyo.

Memori utaongeza, diski utabadili. Chipseti imelehemiwa kwenye ubao. Ukishanunua, ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho.

Kwa nini draiva huria

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuamrisha kifaa. Ikiwa huria, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Ikifungwa, mwenye uwezo huo ni mtengenezaji peke yake, na siku akichoka nawe umekwama.

Chukua chipseti za nForce, ambazo Nvidia ilianza kuziuza mwaka 2001. Kwa kadi yake ya mtandao, kampuni ilitoa draiva ya Linux iliyofungwa. Wataalamu wa kujitolea wakachunguza jinsi draiva hiyo inavyowasiliana na chipu, kisha wakaandika ya kwao, forcedeth, na kufikia mwaka 2004 ilikuwa ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Baadaye Nvidia yenyewe ikaichangia. Kampuni imeshaacha biashara ya chipseti za kompyuta, lakini forcedeth ingali ndani ya keneli.

Mfano wa pili ni mchungu. Mwaka 2008 Intel ilitoa chipseti iliyoitwa Poulsbo kwa kompyuta ndogo za Atom. Sehemu yake ya picha ilitokana na teknolojia ya Imagination Technologies, na draiva yake haikuwa huria kama zile za chipu nyingine za picha za Intel. Walionunua wakiamini kwamba Intel na Linux hazikosani walipata picha nzito isiyojaa kioo. Draiva huria iliyoandikwa na Alan Cox iliingia kwenye keneli mwaka 2011, ikiwa bado ya majaribio, na hata ilipokomaa haikuleta uharakishaji wa picha za pande tatu. Kwa hiyo jina la kampuni kwenye kibandiko halitoshi. Uliza chipu yenyewe.

Pima hapo hapo dukani

Nenda na flashi yenye Linux inayofanya kazi bila kusakinishwa. Iwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Jaribu sauti, kamera, WiFi na kila tundu la USB. Ikiwa ni kompyuta mpakato, funga kifuniko uone kama italala na kuamka vizuri. Halafu fungua dirisha la amri uandike:

lspci -nnk

Kila kipande kitaorodheshwa pamoja na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 1022 ni AMD, 10ec ni Realtek. Ukiona 10ec:8168, hiyo ni kadi ya mtandao wa waya iliyomo kwenye bodi nyingi mno, na chini yake pataandikwa "Kernel driver in use: r8169". Mstari huo ndio unaoutafuta. Vipo vipande vya ndani ambavyo havihitaji draiva, lakini ukikosekana chini ya kadi ya mtandao, sauti au picha, kifaa hicho hakijapata wa kukiendesha.

Kwa WiFi kuna jambo la ziada. Draiva yaweza kuwa huria, ilhali chipu inadai faili dogo lililofungwa kutoka kwa mtengenezaji ndipo iamke. Debian iliamua kuyaweka mafaili hayo kwenye kisakinishi chake kuanzia toleo la 12, mwaka 2023. Kwa mtu asiye na njia nyingine ya kuingia mtandaoni, uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa.

Diski isipoonekana

Usikimbilie kusema imekufa. Kompyuta nyingi za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuendesha diski katika hali ya RST au RAID, na kisakinishi cha Linux huenda kisiione diski. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, uchague hali ya AHCI badala yake. Kama Windows imo na unaitaka, nakili mafaili yako kwanza na uhifadhi ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, maana baada ya badiliko hilo Windows inaweza kugoma kuwaka.

Zipo pia kasoro zisizotibika kwa draiva. Januari 2011 Intel ilisimamisha usafirishaji wa chipseti zake za mfululizo wa 6 baada ya kugundua kwamba matundu ya diski ya SATA ya 3 Gb/s yangeweza kudhoofika kadiri muda unavyopita. Matundu mawili ya 6 Gb/s hayakuhusika. Ukikutana na bodi ya kipindi hicho, diski yako ichomeke kwenye hayo mawili.

Wewe unayenunulia shule au ofisi kompyuta nyingi kwa mpigo, andika sharti la kupima kwenye mkataba wenyewe: mashine moja ya kila aina iwashwe kwa flashi ya Linux mbele yako, kabla ya malipo.