Mafuta ya Ngazi na Adui Zake

Katika soko la Kikula, mjini Likasi, akina mama wanauza mafuta ya ngazi, ambayo watu wengine huyaita mawese. Miti ya ngazi haistawi vizuri Likasi, kwa kuwa ni nchi ya juu, yapata meta 1,300 juu ya bahari, na miezi ya kiangazi ni mingi. Kwa hiyo mafuta yanatoka mbali, nayo hukaa siku nyingi ndani ya bidoni kabla ya kufika sokoni.

Mnunuzi mwenye busara hafanyi haraka. Anafungua kizibo, ananusa, kisha anaonja kwa ncha ya kidole. Mafuta mazuri ni mekundu, na harufu yake inapendeza. Mafuta yaliyochacha yana harufu kali kama ya rangi ya kupaka milango, na yanakwaruza koo. Mama aliyebaki na bidoni ya namna hii amepoteza fedha zake, nani atamrudishia?

Tena hasara si ya fedha tu. Wekundu wa mafuta ya ngazi unatoka katika kitu kinachoitwa karotini, na mwili wa mtu hugeuza karotini kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo haoni vizuri jioni. Akiikosa sana anaweza kupofuka kabisa. Mafuta yanapochacha, karotini nayo inavunjika. (Watu wengine huchemsha mafuta mpaka wekundu wote uondoke, ndipo wakaange. Hawajui kwamba wamemwaga dawa ya macho.)

Basi, ni nani anayeharibu mafuta? Si mdudu, wala si mchanga. Ni hewa.

Sehemu moja kwa tano ya hewa ni oksijeni. Bila oksijeni hatuwezi kupumua, wala moto hauwezi kuwaka. Lakini oksijeni hiyo hiyo hula chuma na kukifanya kutu, nayo hula mafuta pia. Namna yake ya kula mafuta ni ya ajabu kidogo. Fikirini watoto wengi wamesimama mstarini, kila mmoja na kofia yake. Mmoja ananyang'anywa kofia. Anakasirika, ananyang'anya ya jirani. Jirani naye ananyang'anya ya mwingine, na ugomvi unakwenda mpaka mwisho wa mstari. Chembe za mafuta hufanya vivyo hivyo. Mwanga wa jua au joto huondoa kipande kidogo cha chembe moja. Mara oksijeni inaikamata chembe hiyo iliyopungukiwa, nayo inanyang'anya kipande cha chembe ya pili, na ya pili ya tatu. Ndiyo sababu mafuta hukaa mazuri siku nyingi, kisha huharibika kwa ghafula.

Sasa wekeni katika mstari ule mtoto mmoja mpole. Akinyang'anywa kofia, hanyang'anyi ya mwenzake. Ugomvi unakufa pale pale. Kitu kinachofanya kazi ya mtoto huyu ndani ya mafuta wenye elimu hukiita antioksidanti, maana yake kizuizi cha oksijeni. Mafuta ya ngazi yanacho tangu mtini: ni vitamini E, ambayo imo kwa wingi. Lakini mtoto mpole ana kofia moja tu. Vizuizi vyote vikiisha kutumika, mafuta hayana mlinzi tena.

Jambo hili lilichunguzwa sana na Wafaransa wawili, Charles Moureu na Charles Dufraisse. Wakati wa vita vya 1914–1918 walichunguza akroleini, kitu kile kile kinachochoma macho ya mpishi mafuta yanapoungua katika kikaango. Akroleini ilikuwa ikiharibika upesi kwa kugandamana. Wakaona kwamba dawa kidogo sana inatosha kuilinda. Baada ya vita wakaendelea, na mwaka 1922 wakaonyesha kwamba vitu vingi vinaweza kulindwa na oksijeni kwa njia hiyo.

Hapa Likasi wana jambo lao la kuangalia kuliko watu wa miji mingine, nalo ni shaba. Tangu zamani wazee wa Katanga waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba ya kununulia vitu. Na kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929, kimetoa shaba nyingi mno. Shaba ni mali, lakini ni adui wa mafuta. Hufanana na mchokozi anayepita mstarini akianzisha ugomvi mpya kila mahali, naye mwenyewe hachoki wala haishi. Kanuni za vyakula za mataifa, zinazoitwa Codex Alimentarius, zinataka kilo moja ya mafuta yaliyosafishwa isizidi miligramu 1.5 ya chuma. Na shaba? Miligramu 0.1 tu. Hesabuni wenyewe shaba inaogopwa mara ngapi kuliko chuma.

Kwa hiyo mafuta yasiwekwe katika chombo cha shaba, wala yasipite katika bomba lake, na bidoni isifungwe kwa waya wa shaba unaogusa mafuta. Bidoni ijazwe mpaka juu ili hewa isipate nafasi, ifungwe, ikae kivulini. Na mafuta mapya yasimiminwe juu ya mabaki ya zamani: yale yaliyochacha huambukiza mapya ugomvi wao. Bidoni ioshwe kwanza, ikauke.

Mpira nao huliwa na oksijeni, tena shaba huuharakisha. Kwa hiyo mafundi wa zamani walipaka waya wa umeme bati kabla ya kuuvika mpira. Katika mpira wa magurudumu viwanda hutia antioksidanti. Samaki wa ziwa Tshangalele waliokaushwa kwa moshi wana ulinzi wao pia, kwa sababu moshi wa kuni huacha juu yao vitu vinavyozuia oksijeni. Wazee walijua kazi ya moshi kabla ya kemia kuieleza.

Jaribio. Twaeni vichupa vitatu vyeupe vya kioo, mtie katika kila kimoja mafuta ya karanga mpaka nusu, mvifunike kwa kitambaa. Katika cha kwanza tieni kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa ukang'aa. Hicho na cha pili vikae dirishani. Cha tatu kikae kabatini, gizani. Kila Jumamosi nuseni vyote vitatu, bila kuonja, na kuandika katika daftari ni kipi kilichotangulia kuchacha.