Hema na Madhabahu

SOMO LA 7

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 13:1–18, Hesabu 13:17–20, Mathayo 2:19–23, Kutoka 20:8–11, Matendo 18:1–3, Yeremia 29:4–7, Ezra 8:21–23.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 13:18. Lisomeni kwa sauti katika Biblia zenu, kisha kila mmoja ataje mambo mawili aliyoyafanya Abramu alipofika Hebroni.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Kiadventista huko Musoma. Baba ni mpishi, mama ni fundi cherehani. Wana watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo bado hajaanza shule. Jioni moja simu inaita. Hoteli moja huko Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, inatafuta mpishi. Mshahara ni karibu mara mbili ya anaoupata sasa, na kazi inaanza baada ya majuma matatu. Usiku ule baba na mama hawalali mapema. Wahamie wote? Aende baba peke yake? Wakihama wote, wapange nyumba Nungwi kwenyewe au karibu na mjini?

Familia za kanisa letu zinakutana na maswali haya kila mwaka. Mwalimu anahamishwa kituo, muuguzi anapangiwa wilaya asiyoijua, kijana anaoa na kufuata kazi mbali na kwao. Biblia nayo imejaa watu waliohama, wengine wakabarikiwa, wengine wakapoteza nyumba zao. Juma hili tutaona kwamba tofauti yao haikuwa kuhama au kutohama. Ilikuwa katika swali walilolitanguliza.

JUMAPILI
Macho ya Lutu

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu alitazama nini kabla ya kuchagua? Ni nini ambacho hakukitazama?

Tusimhukumu Lutu upesi. Alikuwa na mifugo, mifugo inahitaji maji, na bonde la Yordani lilikuwa na maji tele. Kutafuta malisho si dhambi. Mzazi anayetafuta mshahara mzuri ili watoto wasome anafanya wajibu wake. Kosa la Lutu ni kwamba alitazama majani na maji, kisha akaishia hapo. Habari za watu wa kule tunaambiwa katika fungu la 13, baada ya yeye kwisha kuamua.

Fuata sasa mwendo wa hema lake. Katika Mwanzo 13:12 limesimikwa kuelekea Sodoma. Katika Mwanzo 14:12 Lutu anakaa Sodoma. Katika Mwanzo 19:1 ameketi langoni, mahali pa wazee wa mji. Hatuoni siku aliyoamua kuwa mtu wa Sodoma. Alisogea kidogo kidogo. Petro anasema alikuwa mwenye haki, na kwamba moyo wake uliumizwa kila siku na aliyoyaona (2 Petro 2:7, 8). Yeye aliokolewa. Lakini wakwe zake walidhani anatania, na mkewe aligeuka nyuma njiani.

Tena bonde lenyewe halikudumu. Kazi za hoteli nazo zina misimu: miezi ya masika wageni hupungua, na wafanyakazi wengi hurudishwa nyumbani bila malipo. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipozuia ndege, hoteli nyingi za Unguja zilifunga milango. Aliyehama kwa sababu ya mshahara tu, mshahara ukikoma hana sababu nyingine ya kuwa pale.

Ni mambo gani madogo madogo yanayoweza kulisogeza hema la familia yako bila ninyi kutambua?

JUMATATU
Tuma Wapelelezi

Soma Hesabu 13:17–20 na Mathayo 2:19–23. Musa aliwataka wapelelezi waulize nini? Yusufu aliposikia habari za Arkelao, alifanya nini?

Musa alikuwa na ahadi ya Mungu, na bado akatuma watu wakatazame. Aliwataka wachunguze watu, miji, udongo na miti. Imani haikumzuia kuuliza. Yusufu naye alikuwa ameagizwa arudi katika nchi ya Israeli, lakini aliposikia ni nani anayetawala Uyahudi, aliogopa kumpeleka Mtoto huko. Mungu hakumkemea kwa hofu hiyo. Alimwonya katika ndoto, na Yusufu akaipeleka familia Galilaya, katika mji mdogo wa Nazareti. Hofu ya mzazi kwa ajili ya mtoto yaweza kuwa mlango ambao Mungu anapitisha uongozi wake.

Baba yetu wa Musoma, basi, akiweza, na atangulie kwa siku chache kabla ya kufunga mizigo. Aulize maji. Kaskazini mwa Unguja ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na visima vya karibu na pwani mara nyingi huwa na chumvi. Maji ya kununua ni gharama ya kila siku. Aulize shule, kwa maana Zanzibar ina wizara yake ya elimu na mitaala yake, na mtoto wa darasa la sita anaweza kujikuta katika mpangilio tofauti na wa Bara. Aulize hospitali, ya Kivunge iko kwenye barabara ya kwenda mjini. Aulize kodi, na kama mwenye nyumba anataka ya miezi mingapi mbele. Asinunue kiwanja kwa maneno ya dalali, kwa kuwa sheria za ardhi za Zanzibar si zile za Bara. Na achukue barua ya utambulisho kwao Musoma, maana mgeni anayehamia hupaswa kujitambulisha kwa sheha wa shehia husika.

Jambo moja zaidi: aende na mkewe kama nauli inaruhusu. Mambo ambayo mama huyaona katika nyumba na mtaa, baba anaweza kuyapita.

JUMANNE
Zamu ya Ijumaa Jioni

Soma Kutoka 20:8–11. Amri hii inawataja akina nani ndani ya nyumba? Kwa nini haikumtaja baba peke yake?

Unguja iko karibu na Ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Ndiyo saa ambayo jiko la hoteli lina moto mkubwa kuliko wakati wote, wageni wakirudi kutoka ufukweni kula chakula cha jioni. Kwa mpishi Mwadventista, Sabato inaingia wakati bwana wa zamu anamhitaji zaidi. Hili halitajitatua lenyewe baada ya kufika.

Wengi wetu tumesema, “Nikishazoeleka kazini nitaomba ruhusa.” Lakini mtu aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita, akaandikisha watoto shule na kutumia akiba yote kwa nauli, anaomba akiwa na mikono iliyofungwa. Yesu alifundisha kwamba mjenzi hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Omba Sabato kabla ya kupanda boti, na uombe iandikwe katika mkataba. Toa na wewe: jitolee kufanya kazi Jumapili na sikukuu ambazo wengine wanataka kupumzika. Jibu likiwa “hapana,” shukuru kwamba umelipata ukiwa bado Musoma.

Tena uliza wenzako wako wapi. Waadventista ni wachache Unguja, na kutoka Nungwi hadi mjini ni karibu kilomita 60. Kwa daladala safari huchukua zaidi ya saa moja. Watoto watatu na nauli ya kwenda na kurudi kila Sabato si jambo dogo. Je, maana yake hakuna Mwadventista anayeweza kuishi Nungwi? Akila na Prisila walifika Korintho wakiwa wamefukuzwa Rumi, wakashika kazi yao ya kushona mahema (Matendo 18:1–3). Baadaye tunasoma juu ya kanisa lililokuwa nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19). Madhabahu yaweza kuwa sebuleni. Lakini mtu aiandae kwa makusudi, kwa saa maalumu na Biblia mkononi, la sivyo sebule itabaki kuwa sebule.

Kama unafanya kazi za zamu, ni lini mara ya mwisho ulizungumza waziwazi na mkuu wako kuhusu Sabato?

JUMATANO
Nungwi si Sodoma

Soma Yeremia 29:4–7 na Matendo 17:26, 27. Mungu aliwaagiza wahamishwa waishije na wenyeji wa Babeli?

Hapa tuwe waangalifu. Mtu anaweza kusoma habari za Lutu, akafikiri kwamba hatari ya Nungwi ni majirani zake Waislamu. Huko ni kuikosea Biblia na kuwakosea watu. Nungwi ni kijiji cha kale cha wavuvi na mafundi wa majahazi. Mwadventista atakuta majirani wasioweka pombe wala nguruwe mezani, wanaowafundisha watoto kuwaamkia wakubwa na kupiga hodi mlangoni. Mambo mengi ambayo amezoea kuyaeleza na kuyatetea mahali pengine, huko hahitaji kuyaeleza. Hata Sabato inapoingia, adhana ya Magharibi humwambia kwamba jua limezama.

Linalomsogeza mtu mbali na Mungu huko ni lile lile linalomsogeza Mwanza au Dar es Salaam: kazi isiyo na mpaka, fedha inayokuja haraka, na starehe za usiku ufukweni, ambazo wazee wa kijiji nao huwahofia vijana wao.

Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa ugenini wasitake. Akawaambia wajenge, wapande, waoze watoto wao, na kuuombea mema mji ule. Basi mgeni wa Nungwi na avae kwa stara anapopita mitaani. Mwezi wa Ramadhani, yeye na watoto wasile hadharani mchana. Jirani akifiwa, aende msibani. Fundi cherehani akishona vizuri na kurudisha nguo siku aliyoahidi, mtaa mzima utamjua kabla hajasema neno juu ya imani yake.

ALHAMISI
Baraza la Nyumbani

Soma Ezra 8:21–23. Ezra alifanya nini kwenye mto Ahava kabla ya safari? Aliwaombea akina nani?

Familia yetu ina njia nne. Ya kwanza, wote waishi Nungwi: baba atarudi nyumbani kila usiku, lakini kanisa litakuwa mbali. Ya pili, mama na watoto wakae karibu na mji, kama Bububu au Fuoni, baba alale makazi ya wafanyakazi na kuja siku ya mapumziko: kanisa litakuwa karibu, lakini watoto watamwona baba kama mgeni. Ya tatu, wapange katikati, kama Mahonda au Kinyasini, na kila mmoja asafiri kidogo. Ya nne, baba aende peke yake, wengine wabaki Musoma. Hii ndiyo rahisi kuanza, na mara nyingi ndiyo ngumu kuimaliza.

Hakuna njia isiyo na gharama, wala somo hili haliwezi kuwachagulia. Linaweza kuwapa mpangilio wa maswali tu. La kwanza: madhabahu yetu itakaa wapi, yaani Sabato, ibada ya asubuhi na jioni, na waumini wenzetu? La pili: tutakuwa pamoja kwa kiasi gani? La tatu: majirani, shule, maji na afya vikoje? La mwisho: tutapata kiasi gani, na kitabaki kiasi gani baada ya kodi na nauli? Swali la fedha liwe la mwisho kwa sababu lina sauti kubwa. Likitangulia, mengine hayasikiki.

Ezra alifunga na kuomba njia kwa ajili ya wote, watoto wakiwamo. Waiteni watoto barazani. Mtoto wa darasa la sita anajua anachokiacha, na anayo haki ya kusikilizwa hata kama si yeye anayeamua.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Mwanzo 18 na 19 kwa mfululizo, ukilinganisha hema la Abrahamu na nyumba ya Lutu.

Kanisa letu Tanzania lenyewe lilianza kwa watu kuchagua mahali. Mwaka 1903 wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika pwani yetu, kisha wakapanda milima ya Upare na kuanza kazi Giti. Ellen G. White naye, akiwa mjane mwenye zaidi ya miaka 60, alihamia Australia mwaka 1891, akakaa huko hadi 1900. Sehemu ya miaka hiyo aliishi Cooranbong, karibu na shule iliyokuwa ikijengwa, na nyumbani kwake akapanda miti ya matunda. Ardhi ile wengi waliiona duni. Kama angeitazama kwa macho ya Lutu, angeipita.

Abramu alihama mara nyingi, na tunasoma juu ya madhabahu zake Shekemu, Betheli na Hebroni. Lutu alikuwa na mifugo na mahema. Biblia haitaji madhabahu yake hata moja.

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu katika darasa lenu anapata kazi nzuri mahali pasipo na kanisa. Mtamshauri nini? Mtamsaidia kwa vitendo gani baada ya kuhama?

2. Kati ya njia nne za Alhamisi, ninyi mngechagua ipi? Wanaotofautiana na waeleze sababu zao bila kukatizwa.

3. Je, kanisa lenu linajua wageni waliohamia mtaani kwenu mwaka huu? Nani aliwatembelea, na nani atakwenda juma hili?

4. Mtu aliyekwisha kuhama, akagundua kwamba hema lake limesogea mbali, aanzie wapi kurudi? Linganisha na Mwanzo 13:3, 4.