Njia ya Morningside

Tupandapo kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside, njia ni moja kwa wote: sisi tutembeao, vijana wakimbiao, na akina mama wa Kiluguru washukao sokoni na matenga ya mboga na ndizi. Mkimbiaji ashukaye hawezi kusimama ghafula, hasa mvua ikiwa imenyesha. Basi na apunguze mwendo kabla ya kona, apaze sauti, "Hodi!" nasi tusogee. (Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mbio, lakini hizo zilikuwa za uwanjani.) Mwenye mzigo kichwani tumpishe wote, tumwachie upande wa mlima, si wa bondeni. Akiteleza, aweza kuvunjika mguu, na fedha ya juma zima imemwagika korongoni. Nanyi vijana, hata mkihema, shikamoo haicheleweshi mtu.