MAJI YA MOTO KWA KAZI YA UDOBI

Je, wewe na wenzako mnataka kuanza udobi mjini Kampala? Kabla ya kununua mtambo wa kupashia maji, pigeni hesabu. Kwa umeme, jerikani 5 za lita 20, kutoka nyuzi 22 hadi 60, hula yuniti 4 na nusu hivi. Mtambo wa jua hupunguza gharama hiyo. Tangi likikaa juu ya paneli, maji ya moto hupanda yenyewe bila pampu. Siku za mawingu, ongezeni umeme.

Kumbuka: wadudu wa upele hufa nguo zikikaa dakika 10 kwenye joto linalozidi nyuzi 50. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi. Watoto wasiyakaribie!